Kivuli cha Kujipaka

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimepata wazo. Naliandika mapema, kabla mtu mwingine hajalifikia.

Saa saba mchana. Niko kwenye kibanda changu cha uwakala wa fedha za simu, stendi ya Same. Jua kali, bati linalia juu ya kichwa. Basi la Dar likashusha abiria. Wote wakapita mbele yangu kama mimi ni nguzo ya umeme, wakaingia kwa jirani yangu Benedikto. Benedikto anauza miwani, miavuli na mafuta ya kukinga jua yaliyotoka ng'ambo, tyubu ndogo kama ya dawa ya meno. Mama mmoja alinunua tyubu tatu na kumbariki. Kwangu alikuja kuuliza choo kiko wapi.

Nikajiuliza Benedikto ana nini ambacho mimi sina. Jibu: tyubu.

Nikafungua simu, nikatafuta kitu kinachokinga ngozi na jua. Nikakuta makala ya wataalamu. Wanasema mmea hauwezi kuinuka ukahamia kivulini, kwa hiyo unajitengenezea kinga yake dhidi ya miale ya urujuanimno, ile miale isiyoonekana inayounguza ngozi ya mtu na kuiharibu. Wanasema wanachunguza kama dondoo za mimea zinaweza kumsaidia na binadamu. Kisha wakaandika "Hata hivyo," na bando langu likaisha.

Halikunisumbua. Baada ya "hata hivyo" wataalamu huwa wanawashukuru waliowafadhili.

Urujuanimno. Nimelitamka mara kumi. Neno lenye uzito, litajaza lebo vizuri.

Halafu akili ikafanya kazi yake. Ni mmea gani unaokaa juani kuliko yote wilaya hii? Mkonge. Unasimama tambarare ya Makanya mwaka mzima, bila kofia, bila mwavuli, na hakuna aliyewahi kuona mkonge umebabuka. Kilichobaki ni kuukamua.

Jioni nikamweleza mke wangu, Leticia. Yeye ni mwalimu wa sayansi, shule ya msingi, na kazi hiyo imemfanya awe mtu wa maswali. Akauliza nitapimaje. Akauliza nani atakayepimwa. Akauliza kama naikumbuka mashine ya kutotolesha mayai. Nikamjibu kwamba jogoo aliyetoka kwenye mashine ile yuko hai mpaka leo. Akasema mayai yalikuwa mia moja.

Mke mwema, ila jicho la mbali hana.

Jumanne, 4 Februari

Nimefunga kibanda, nimepanda Coaster ya asubuhi, nimeshuka kwenye shamba la mkonge kabla ya kufika Makanya. Nikamkuta mkata mkonge mmoja anaitwa Daudi, mwenyeji wa Kasulu, mwaka wa kumi na tisa kwenye kazi hiyo. Kavaa shati la mikono mirefu, juu yake shati jingine, buti, na kichwani kitambaa kilichoacha macho tu. Nikamwuliza kwa nini anajifunga hivyo na joto lote hili. Akasema juu kuna jua, chini kuna maji ya mkonge, na mpaka leo hajajua lipi baya zaidi. Maji yale yanawasha, akasema.

Nikamwambia nataka majani sita ya kutengenezea mafuta ya kujipaka. Akaniuliza taratibu kama nina watu nyumbani wanaonitegemea.

Nimeliona hili mara nyingi. Aliye karibu sana na mali ndiye wa mwisho kuitambua.

Nyumbani nikatumia blenda ya Leticia, ile aliyozawadiwa na wazazi wa wanafunzi. Nyuzi zikajizungusha kwenye visu, mashine ikanguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Nikahamia kwenye kinu. Nikapata nusu kikombe cha maji ya kijani. Nikajipaka miguu yote miwili kuanzia magotini, nikaenda kukaa uani juani.

Dakika ya kwanza: ubaridi mzuri. Dakika ya tatu: kama sisimizi wanapita. Dakika ya saba sikuandika.

Leticia aliporudi kutoka shule alinikuta na miguu ndani ya ndoo, najikuna kwa gunzi. Akanipaka mafuta ya nazi, akaniletea chai. Ndipo akauliza blenda iko wapi. Nikasema imekwenda kwa fundi. Kwa kweli iko nyuma ya nyumba chini ya gunia, lakini roho yake ilishakwenda.

Hitimisho la leo: mkonge unajikinga, hilo limethibitika. Tatizo ni kwamba unajikinga na mimi pia.

Jumatano, 5 Februari

Mvumbuzi wa kweli haogopi kubadilisha malighafi.

Nimeanza upya. Mshubiri kutoka ua wa jirani, ambaye angeniruhusu kama angekuwepo. Tangawizi ya Miamba, maana kilichoota mlimani ni imara. Majani ya chai. Mafuta ya nazi, kwa sababu ya huduma yake ya jana. Nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa. Rangi ya kahawia, inapendeza. Harufu, nakiri, ilikuwa ya chai ya msibani.

Kitu cha kujipaka hununuliwa na pua kabla ya ngozi. Nikaenda sokoni, nikarudi na ndimu mfuko mzima, nikazikamua zote humo. Harufu ikabadilika, ikawa ya hoteli. Tena ndimu huzuia kitu kuoza. Hilo halikuwa kwenye makala yoyote. Limetoka kichwani mwangu.

Jina: Kivuli. Kauli mbiu: Jipake Kivuli. Lebo nimechapisha steshenari: "Dondoo asilia za milima ya Upare. Hukinga urujuanimno." Chupa thelathini zimepangwa dirishani mwa kibanda, zinang'aa.

Jaribio nalo limefanyika. Nimejipaka mikono yote, nimefanya kazi kibandani toka saa sita hadi saa kumi, kisha nikanawa. Sikubabuka hata chembe. Nikamwambia Leticia. Akauliza nilikuwa nimekaa wapi. Nikamwambia kibandani. Akasema basi nilichokipima ni bati.

Benedikto naye alikuja kushika chupa na kusoma lebo, midomo ikimchezacheza. Akauliza kama imepitishwa na mamlaka. Nikamwambia karatasi ziko njiani. Ni kweli. Sijaanza kuziandika, na njia ni ndefu. Akasema watu wa huku wanashinda juani, kwenye machimbo ya jasi, kwenye mkonge, juu ya bodaboda, na mtu akiamini amejikinga hukaa juani zaidi kuliko ambavyo angekaa. Alisema kwa sauti ya upole kabisa.

Wivu una lugha nzuri siku hizi.

Alhamisi, 6 Februari

Siku kubwa. Leticia anataka ushahidi, stendi nzima imeupata.

Saa nne asubuhi nimeweka kiti katikati ya stendi, pasipo mti wala paa. Nimejipaka Kivuli upande wa kulia tu: nusu ya uso, sikio, shingo na mkono. Upande wa kushoto nimeuacha mtupu, ujionee wenyewe. Nikatangaza kwamba nitakaa hapo mpaka saa nane. Watu wakajaa. Mpiga debe mmoja akasahau basi lake.

Evance, dereva wa bodaboda na baba wa mapacha, akasema mkono wake wa kulia humwiva kila siku barabarani. Nikampaka mwenyewe, bure, kuanzia begani hadi kwenye vidole, nikamwombea safari njema.

Benedikto akaleta kiti chake, akakaa mbele yangu chini ya mwavuli mkubwa, na jua lilipowazidi watazamaji akawauzia miavuli. Nadhani aliuza yote. Sikukasirika. Mtu mkubwa huwalisha hata wadogo.

Saa nane nikasimama. Kichwa kilizunguka kidogo. Umati ukalinganisha. Wengine wakasema pande zote sawa. Bibi mmoja mwenye kikapu cha ndizi akasema upande wa kulia unang'aa zaidi. Nimeandika jina lake kama shahidi.

Saa kumi na mbili jioni simu ikaita. Rabia. Rabia ni binti wa mama yangu mdogo aliyeolewa Makanya. Ana ualbino. Ni fundi cherehani, anashona kofia pana za kitambaa zenye ukingo unaofika mabegani, kazi nzuri sana ingawa hajui kujitangaza. Jumamosi kuna gulio Makanya na amepata nafasi ya kupanga kofia zake, ila ni uwanja wazi, kutwa nzima. Losheni anayopewa kliniki ya ngozi imemwishia na mzigo mpya umechelewa hadi wiki ijayo. Habari za Kivuli zilikuwa zimeshamfikia.

Akaniambia hivi: "Kaka Eliufoo, usinijibu kama mtu wa biashara. Nijibu kama ndugu. Kinakinga?"

Nikasema, "Kinakinga."

Akashukuru. Akasema Mungu anizidishie. Nilipokata simu Leticia alikuwa amesimama mlangoni na madaftari ya wanafunzi mkononi. Akaniuliza Rabia alitaka nini. Nikasema salamu tu.

Ijumaa, 7 Februari

Asubuhi nimempa konda wa Coaster chupa ya Rabia, nimeifunga kwa gazeti na kamba. Nimeandika juu: Jipake kwa wingi.

Uso una joto. Upande wa kulia tu. Nimeutazama kwenye kioo cha kibanda: mwekundu kiasi, kama shavu la mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda. Hii ni damu kutembea. Dawa imeanza kazi.

Benedikto alipita akasimama. Akasema nioshe kwa maji baridi na nikae ndani. Nikamwambia asijisumbue, hali hii iko kwenye mpango. Akauliza mpango gani. Nikasema siri ya kiwanda.

Saa tisa akaja Evance. Mkono unamwaka, akasema, na unamwasha. Nikamweleza kwamba ngozi iliyozoea kunyanyaswa na jua hushangaa ikilindwa kwa mara ya kwanza. Evance ni mtu wa heshima, alishukuru kwa maelezo. Alipoondoka aliendesha kwa mkono mmoja.

Nimeuza chupa kumi na moja hadi jioni. Wanunuzi wengi ni wa kushoto kwangu, yaani waliniangalia kutoka upande ule.

Leticia amenitazama wakati wa chakula, muda mrefu. Akauliza kama nasikia maumivu. Nikasema nasikia maendeleo. Akaweka kijiko chini, akasema kesho asubuhi tunaenda kwa Mama Mwamvita, nikitaka nisitake.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika kwa shida. Sitaandika uongo leo.

Nimeamka jicho la kulia halifunguki. Malengelenge toka paji la uso hadi shingoni, na mkono wote. Upande wa kushoto mweusi kidogo, vumbi kidogo, mzima kabisa. Leticia hakusema "nilikuambia." Ningependelea aseme.

Mama Mwamvita ni muuguzi wa magonjwa ya ngozi, mtu mzima, anakaa mtaa wa pili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshanigeuza uso kwenye mwanga. Akauliza nilichopaka. Nikamtajia kwa fahari iliyobaki. Mshubiri, akatikisa kichwa taratibu. Tangawizi, chai, mafuta ya nazi. Akasema baadhi ya mimea hiyo wataalamu wanaichunguza kweli, lakini dondoo ya kupika jikoni haijapimwa na mtu, haiwezi kukaa mahali pa losheni, kofia na kivuli cha kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa "hata hivyo" yao, nimeielewa leo. Kisha nikataja ndimu.

Akaweka kalamu chini. "Ndimu, halafu ukakaa juani?"

Akanieleza. Maji ya ndimu yakiwa kwenye ngozi, miale ileile ya urujuanimno huyaamsha, yakaiunguza ngozi vibaya kuliko ambavyo jua peke yake lingefanya. Haionekani siku hiyohiyo. Huja kesho yake, au keshokutwa, na alama hubaki wiki nyingi. Akasema ndimu na ndugu zake wote, nisimpake mtu tena.

Kumbe mimi urujuanimno sikuukinga. Niliupikia.

Nilikuwa natafuta la kujitetea ndipo nikaona sura ya Rabia. Uwanja wazi. Kutwa nzima. Jipake kwa wingi.

Nilisimama, kiti kikaanguka. Nikampigia, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Leticia akauliza kuna nini, nikamwambia yote, pamoja na lile neno moja nililomjibu Rabia. Sijawahi kuuona uso wake vile. Akavua kanga yake ya mabegani, akanifunika kichwa na uso, akasema, "Nenda, Baba Lydia. Nenda sasa hivi."

Bodaboda ya kwanza niliyoikuta ilikuwa ya Evance. Mkono wake umefura, malengelenge hadi kwenye vidole, ameufunga kwa kitambaa chenye maji. Nilifungua mdomo kuomba radhi. Akauliza wapi. Nikasema Makanya, ndugu yangu amepaka. Hakuuliza la pili. Tuliteremka ile barabara kuu, malori ya jasi yakitupita na kutumwagia unga mweupe, na njia nzima nilipiga simu na njia nzima haikupokelewa. Niliomba. Mimi si mwombaji mzuri. Nilimwambia Mungu achukue na upande wa kushoto, nitampa.

Nilimkuta mwisho wa uwanja. Ametundika turubai kwenye nguzo nne, yuko katikati ya kivuli chake, mikono mirefu, glavu za pamba, kofia yake mwenyewe kichwani. Kofia nyingine zimepangwa kwenye kamba.

"Umejipaka?" Sikusalimia.

"Shikamoo kwanza, kaka."

"Marahaba. Rabia, umejipaka?"

Akanitazama. Nikaiondoa kanga. Akaona uso wangu, na nyuma yangu akaona mkono wa Evance.

"Nilifungua jana," akasema. "Nikasikia ndimu, nikafunga. Kliniki walishatuonya kuhusu ndimu toka niko darasa la tatu."

Nilikaa chini. Nikamwuliza kwa nini hakunipigia kunijulisha.

"Nilikuwa na watu wengine wa kupigia," akasema. "Juzi, uliponijibu, nilifurahi nikawaambia wenzangu watatu wa chama chetu kwamba ndugu yangu amepata mafuta. Jana jioni nimewapigia mmoja mmoja, kuwaambia wasije kwako." Akanyoosha kofia moja kwenye kamba. "Ngozi hii nimeishi nayo miaka thelathini na tisa, kaka. Wewe dawa yako umeishi nayo siku tatu. Mimi niliuliza ndugu. Aliyenijibu alikuwa mwenye kibanda."

Hakupaza sauti. Wateja wawili walikuwa wakijaribu kofia na hawakugeuka.

Machozi yalinitoka, jicho moja tu, lile linalofunguka. Evance akasema ni vumbi la jasi. Mwungwana yule.

Rabia akachukua kofia kwenye kamba, akanivisha, akairudisha, akachukua kubwa zaidi. Nyingine akampa Evance. Akatuambia tukae ndani ya turubai mpaka jua lipungue. Tulikaa. Yeye, kwa kukosa losheni, hakutoka nje ya kivuli kile siku nzima, na waliokuwa upande wa pili wa uwanja hawakuziona kofia zake. Saa kumi na moja kamba ilikuwa bado imejaa. Niliwaza kwamba kama ningekuwa nimesema "sijui" siku ile, angekuwa na Ijumaa nzima ya kutafuta losheni kwingine.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Watu wangeniombea kwa sauti.

Nimeandika majina ya walionunua zile chupa kumi na moja, nikawapigia wote, nikawaambia wasipake, warudishe. Tisa hawakuwa wamefungua. Mmoja alimpaka mbuzi wake mwenye ukurutu. Mmoja alionja, akasema tangawizi imezidi.

Nilikwenda kwa Evance nikiwa na dawa aliyoandika Mama Mwamvita. Mkewe alinifungulia mlango, akachukua dawa, akafunga mlango. Ni haki yake. Evance akaniita kupitia dirishani, akaniambia mkono unapoa. Akasema asichokipenda ni kwamba mapacha wanamwogopa wakiuona.

Alasiri akaja Benedikto. Nilijua amekuja kucheka, nikakaa sawa kumpokea. Akatoa tyubu mfukoni, moja ya zile za ng'ambo, akaiweka mezani. Akasema ngozi iliyoungua ikipona inahitaji kulindwa na jua kuliko mwanzo, nipake kila asubuhi malengelenge yakishakauka. Hakutaka malipo. Kisha akaiona kofia ya Rabia msumarini, akaishika, akaigeuza, akavuta mishono yake kwa kidole. Akauliza aliyeishona ni nani. Nikamwambia. Akaomba namba yake ya simu.

Amekunywa chai, ameongea na Leticia habari za bei ya mahindi, ameondoka. Hakunicheka hata mara moja. Angenicheka ningelala vizuri.

Kabla ya jua kuzama tumemwaga Kivuli chote chooni, chupa baada ya chupa. Mimi namwaga, Leticia anashika ndoo. Aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimejifunza. Akasema alichouliza ni nini. Nikasema kunyenyekea, na alionekana kuridhika.

Jumatano, 12 Februari

Nimerudi kazini. Uso umekauka, malengelenge yameshuka. Kimebaki kivuli cha kahawia nusu nzima, na mpaka wake umenyooka katikati ya pua kama uliopimwa kwa rula. Abiria wa basi la Dar leo hawakunipita. Walisimama wakanitazama, na wawili wakatoa fedha kwa wakala mwingine.

Kofia za Rabia zimejaa mbele ya duka la Benedikto. Zilifika jana, leo zimebaki nne. Losheni yake nayo imefika kliniki, Leticia amempigia kuhakikisha. Mimi pia nilimpigia. Tumeongea vizuri. Aliniuliza hali ya uso, nikamwuliza hali ya cherehani. Kuhusu lile jingine hakusema kitu, nami sikuligusa. Nina hakika tumemaliza.

Kibanda hakikuwa na wateja, kwa hiyo nilipata muda wa kufikiri kwa utulivu, bila pupa ya wiki iliyopita. Nimepitia jambo zima hatua kwa hatua kama mtaalamu. Mshubiri haukumdhuru mtu. Tangawizi haikumdhuru mtu. Chai, nazi, hakuna lawama. Mkosaji ni mmoja na anajulikana kwa jina. Yaani mchanganyiko wangu ulikuwa sahihi kwa sehemu nne kati ya tano. Mwanafunzi wa Leticia akipata hivyo anapigiwa makofi darasani.

Kilichobaki ni harufu tu.

Mama Mwamvita alisema ndimu na ndugu zake wote. Nimelitafakari neno hilo, ndugu. Ni neno pana. Mimi mwenyewe nina kaka huko Shighatini, Reginald, mzee wa kanisa, mtu wa shamba na kahawa, hajawahi kuunguza kitu chochote maishani. Na mimi ni mimi. Udugu si ushahidi. Ndimu ni ndogo, ya kijani, ya mviringo, kali kwa tabia. Limau ni kubwa, la njano, lina ncha, na harufu yake ni ya kistaarabu zaidi. Sioni wanakutana wapi.

Nimepita sokoni kununua malimau kumi na mawili. Nimeyaficha chini ya meza ya kibanda, ndani ya boksi la vocha. Leticia hana haja ya kujua mapema. Wala sitamgusa mtu mwingine, hilo nimeapa, maana nimeshanyenyekea. Nitajaribu kwangu mwenyewe kwanza, kesho saa nne, juani kabisa, siyo chini ya bati.

Upande wa kushoto bado mzima.